Mkono wa Kushoto wa Mahfudha

Mahfudha alizaliwa Kibokoni akiwa wa shoto, na kwa hilo peke yake alianza kupigwa kabla hajajua kosa ni kitu gani. Mamake alimpaka pilipili vidoleni ili mkono wa kushoto usiende kinywani. Chuoni, tulikokuwa tukisomeshwa Kurani, mwalimu aliufunga mkono huo ubavuni kwa kitambaa, na kitambaa kikilegea, bakora. Mimi nilikuwa nikiketi nyuma yake kwenye mkeka. Niliuona mgongo wake ukiruka kwa kila pigo, lakini kilio sikukisikia. Alikuwa akimtazama mwalimu kwa jicho kavu, na jicho hilo ndilo lililomzidishia viboko.

Nyumba zetu zinatazamana, dirisha kwa dirisha, na uchochoro wenyewe ni mwembamba hivi kwamba nikipika samaki, yeye ndiye anayejua kama nimetia chumvi. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba nasimulia la kuambiwa. Mengi ya haya niliyaona, na nisiyoyaona nilielezwa na yeye mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kutia nakshi maneno. Nakshi alizitia kwingine.

Shuleni walimwachia aandike kwa kushoto, maadamu hesabu zinatoka sawa. Na zilitoka sawa. Aliyekuwa akiketi karibu naye alikuwa Shekue, binti wa mzee mmoja aliyeheshimiwa sana msikitini, msichana mzuri, mcheshi, na hesabu kwake zilikuwa kama lugha ya majini. Basi ukafika mtihani wa majaribio wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu akasahihisha, akakuta karatasi mbili zimefanana, mpaka jibu moja la makosa limefanana. Akawasimamisha wote wawili mbele ya darasa. "Nani kamwangalizia mwenziwe?" Mahfudha akasema si yeye. Shekue akatazama chini, kimya.

Mwalimu alipima kwa mizani yake. Huku binti wa mzee wa msikitini, huku binti wa muuza kahawa, tena wa shoto, tena mwenye jicho kavu. Akamwambia Mahfudha auweke mkono wake mezani, ule anaoandikia. Akaupiga kwa rula ya chuma, kwa upande wa ukali, mpaka kiganja kikapasuka na damu ikachuruzika kwenye madaftari ya watu. Na Shekue kimya. Babake Mahfudha alipoyasikia hayo, alimpiga tena nyumbani, kisha akasema mwizi hasomi. Masomo yakaishia hapo, akaozwa.

Mume naye alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja alimrushia kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, kikamng'oa jino. Mahfudha akaliokota jino, akalifunga kwenye pindo la leso, halafu akachukua mchi wa kinu na kumvunja mume mtulinga. Talaka ilitolewa mwanamume angali amefungwa bendeji begani. Mji ulicheka mwezi mzima, na mimi nikicheka zaidi ya wote.

Hapo ndipo alipoanza kupaka piko, ile rangi nyeusi ya kuwapambia maharusi. Alichukua chelewa, ule uti mwembamba wa ukuti wa mnazi, akauchonga ncha, akauchovya kwenye piko na kuushika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kila mtu alitaka ukatike. Enhe! Maua yaliyotoka hapo ulikuwa hujayaona Mombasa hii. Majani yalikwenda yakipanda mkono wa biharusi kama yanaota, kutoka kwenye kucha hadi juu ya kiwiko. Watu walianza kumfuata kutoka Kuze, kutoka Ganjoni, hata Wahindi walimwita. Kilichompa jina zaidi ni mtindo wake wa kuacha nafasi tupu ndani ya maua fulani, ndogo kama punje ya mtama. Nafasi hizo zilikuwa za biharusi mwenyewe. Msichana au somo wake, yule kungwi wa kumfunda, angeandika humo herufi za jina la mume, moja hapa, moja kule, na bwana harusi ndiye atakayezitafuta siku ya kuingia. Mahfudha hakuziandika kamwe. Alisema jina la mume ni la mke, yeye hana haja nalo, wake alishamvunja mtulinga.

Basi, mkono wa kushoto ndio uliomlisha, ukamvisha, ukamwezesha kukaa nyumbani mwake bila kumwomba mwanamume yeyote chochote.

Sasa tuje mwaka wa tisini na tano. Shekue alikuwa ameshakuwa Bi Shekue, mjane, mama wa watoto wawili, akikaa mwisho wa uchochoro wetu. Mkubwa ni Sufyan, fundi wa baiskeli, kijana mwenye mabega mapana na akili nyembamba. Mdogo ni Mahira, kidato cha nne katika shule moja ya wasichana hapa kisiwani. Mahira alichumbiwa na Faraj, kijana wa Kuze aliyekuwa akifanya kazi Dubai, na Faraj alikuwa amesema wazi kwamba Mahira akifaulu mtihani, atamchukua Dubai akasomee uuguzi. Asipofaulu, atakaa Kuze na mamake Faraj. Na mamake Faraj kila mtu anamjua. Wasichana wa kazi walikuwa wakimkimbia bila kuaga.

Likizo ya Faraj ikaangukia mwezi wa mtihani. Harusi ikawekwa Ijumaa, na karatasi ya kemia ilikuwa katikati ya wiki hiyo hiyo. Mahira kemia ilimshinda. Siku moja kabla ya karatasi hiyo, Mahfudha alikwenda kumpaka piko, akamaliza, akaacha nafasi zake tupu kama desturi, akaondoka.

Wanafunzi wa siku hizo vikaratasi vya kuibia mtihani walikuwa wakiviita mwakenya. Mwakenya hufichwa kwenye soksi, kwenye sidiria, chini ya ushungi. Mahira alifikiri zaidi ya hapo. Mwakenya wake aliuandika kwa piko, mikononi mwake juu ya vifundo, katikati ya maua, mahali ambapo hakuna mwanamume duniani mwenye ruhusa ya kutazama kabla ya Faraj. Ukiniuliza, akili aliyoitumia kuficha kemia ingemtosha kabisa kujifunza hiyo kemia. Lakini nani aliniuliza?

Msimamizi aliyeletwa siku hiyo alikuwa Karisa Kombe, mwalimu kutoka shule nyingine, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa akikaa Ganjoni na mkewe Mapenzi na watoto. Mtu mrefu, mkali, na kiboko chake kilijulikana kuliko masomo yake. Kabla ya karatasi kugawiwa aliwaambia wasichana, "Atakayeibia, mimi simwandiki tu. Nampiga kwanza, halafu namwandika."

Na ndivyo alivyofanya. Alimwona Mahira akivuta mkono wa shati na kuhesabu maua. Akamjia kwa nyuma, akamkamata kifundo cha mkono, akavuta shati mpaka vifungo vikaruka na mkono mzima ukawa nje hadi juu ya kiwiko. Akaziona herufi na tarakimu. Akampiga kofi la mdomo, meno yakakata midomo kwa ndani, damu ikamwagikia karatasi ya majibu. Mahira akapiga ukelele mmoja, "Nimeshikwa!" na darasa zima likaitikia.

Kushikwa. Neno hilo lilitoka darasani likiwa dogo. Lilipofika Kibokoni mwalimu alikuwa amemvua biharusi nguo. Lilipofika Kuze nisiseme lilikuwa limekuwaje.

Wakati Karisa anatoka langoni, Sufyan alikuwa amefika na wenzake, na mnyororo wa baiskeli amejifunga ngumini. Pigo la kwanza lilimvunja taya. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda na wanawake wengine kumchukua Mahira, na nitasema nilichokiona. Alianguka kwenye mtaro. Mmoja akamrukia kifuani kwa miguu miwili, mbavu zikalia. Mwingine akaokota jiwe la kujengea, akalitupa, likampata sikioni. "Mnyika!" wakamtukana Ugiriama wake. "Kumshika mwari wetu!" Walimpiga akiwa amejikunja, wakampiga akiwa amejinyoosha, wakampiga alipokuwa hatikisiki tena. Na nyuma yangu mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele cha harusi, juu ya mtu anayetapika damu! Niligeuka nikamtazama, na mpaka leo nikimkuta njiani siitikii salamu yake.

Polisi walipofika walimwokota Karisa, wakampeleka hospitali na kumfunga pingu kitandani, kwa kuwa Bi Shekue alikuwa ameshashtaki kwamba binti yake amevuliwa nguo na kushikwashikwa. Siku ya pili vijana walikwenda Ganjoni wakavunja madirisha ya nyumba yake. Mapenzi alitoka kwa mlango wa nyuma na watoto, wakakimbilia Kaloleni bila hata mto wa kulalia. Karisa kitandani alikuwa na neno moja tu, aliandika kwa kalamu kwa sababu taya halikufunguka: msichana atazamwe mikono. Jamaa za Mahira wakajibu kwamba yale maandishi ni jina la bwana harusi, desturi ya kwao, mtu wa bara atajuaje.

Harusi ikaahirishwa. Likaja agizo kwamba mkaguzi wa mitihani, mwanamke, Bi Jael, atakwenda nyumbani kwa Bi Shekue aitazame mikono hiyo mbele ya wanawake tu. Zikionekana herufi za Faraj, Karisa anakwenda jela, na kazi basi. Zikionekana za kemia, mambo mengine.

Piko haitoki kwa kutaka. Hukaa mpaka ngozi yenyewe ichoke. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja nilisikia kilio kutoka nyumba ya Bi Shekue, kilio kirefu kama cha mbuzi, na sikujua ni nini mpaka baadaye. Walikuwa wakimsugua. Ndimu kwanza, halafu jiwe la kusugulia nyayo, halafu dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sufyan alimshika mabega, mama akasugua. Ngozi ilitoka, maua yakafifia, lakini herufi zilikuwa zimeandikwa na mtu mwenye hofu, zimekolezwa mara mbili, na zilibaki pale pale ndani ya vidonda.

Baada ya sala ya alasiri wakatuma mtu kumwita Mahfudha. Akavaa buibui, akachukua kikapu chake cha piko, akaenda. Yaliyosemwa ndani nayasema kama alivyonieleza.

"Assalam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, Mahfudha, ndugu yangu. Ndoo uketi." Bi Shekue alikuwa amevimba macho. "Twakuhitaji leo kuliko siku zote. Zifukie hizi herufi. Paka majani juu yake, paka chochote, pajae peusi. Kesho yule mwanamke asione kitu."

Mahfudha akauchukua mkono wa msichana, akautia kwenye mwanga wa dirisha. Maua yake aliyajua. Ndani ya maua akaona mkono wa mtu mwingine, herufi za Kizungu zimejibana na tarakimu pembeni. Midomo ya Mahira ilikuwa ingali imevimba kwa lile kofi.

"Faraj gani huyu aandikwaye kwa tarakimu?" akauliza.

Sufyan alikuwa amesimama mlangoni.

"Ngozi imechubuka," Mahfudha akasema. "Nikitia piko hapa itamuunguza mpaka nyama. Mnataka kumuua mtoto?"

"Atavumilia," akasema Bi Shekue. "Kwani kaiba nini, Mahfudha? Kaiba ng'ombe wa mtu? Kuangalizia ni wizi huo? Watoto wote wafanya. Hata wana wa wakubwa wafanya, tena wao waletewa karatasi nyumbani. Nani kapungukiwa?"

Mahfudha akaufungua mkono wake wa kushoto, akautandaza mbele ya Bi Shekue. Kovu la rula lilikuwa bado limekikata kiganja, kutoka chini ya kidole gumba mpaka upande wa pili.

"Waujua huu?"

Bi Shekue akatazama mkeka. Akanyamaza vilevile kama alivyonyamaza miaka yote ile. Kumbuka, watu hawa walikuwa marafiki. Walikuwa wakizikana, wakiozana, wakipelekeana futari, na hata siku moja Mahfudha hakuwahi kumtajia jambo lile. Alikuwa akingoja mwenzake alitaje mwenyewe. Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba anangoja meli kwenye kisima.

"Mimi yule mwalimu simpendi," Mahfudha akasema. "Mtu ampigaye mtoto mdomoni simpendi, awe na haki, asiwe na haki. Lakini kasema kweli. Na mukimfunga, mwamfunga kwa mkono wangu. Sipaki."

"Si mtu wetu yule," akasema Sufyan.

"Hata mimi sikuwa mtu wenu."

Akainuka, akachukua kikapu chake. Sufyan akasogea kumpisha, au Mahfudha alidhani anapishwa. Milango ya nyumba zile unaijua, mbao za zamani zilizojaa vichwa vya misumari, nzito mpaka watoto hawawezi kuisukuma. Mahfudha aliushika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto ili ashuke kizingiti. Sufyan akaubamiza mlango.

Mara ya kwanza ungeweza kusema ni hasira. Lakini aliufungua. Akautazama mkono ulivyokuwa, vidole vimekwisha kugeuka, na mwenyewe Mahfudha amepiga magoti. Halafu akaubamiza tena, kwa bega.

Ukelele huo niliusikia na nikajua ni wake, ingawa tangu utotoni sikuwahi kumsikia akilia. Nilishuka ngazi bila ushungi. Nilimkuta amekaa uchochoroni, piko imemwagika, na mkono ameupakata mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nikasema maneno mlangoni kwa Bi Shekue ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa watoto watasoma. Hayakusaidia kitu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Hospitali wakamtia plasta mpaka kwenye kiwiko. Daktari alipouliza imekuwaje, Sufyan alikuwa ameshatuma watu kusema mlango ulipigwa na upepo. Mahfudha akamwambia daktari, "Upepo wenyewe una ndevu." Daktari akaandika upepo tu.

Asubuhi yake Bi Jael akaja. Mwanamke mnene, mpole, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Chumba kilijaa wanawake wa mtaa, wote wamekuja kushuhudia jina la Faraj ambalo hakuna aliyeliona. Bi Shekue akaeleza kwamba binti amechubuka kwa sababu piko imemwasha, ngozi yake nyepesi, na kwamba haifai kufunuliwa vidonda mbele za watu.

"Nani aliyempaka?" akauliza Bi Jael.

"Jirani yetu mmoja. Bahati mbaya ameumia, hawezi kuja."

"Nimekuja," akasema Mahfudha kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimemshika kiuno. Uso ulikuwa na rangi ya jivu na plasta imeshaanza kutota damu. Wanawake wakapisha, si kwa heshima, kwa kuogopa kuguswa. Bi Shekue akamtazama kwa macho ambayo kwa mara ya kwanza yalikuwa yakiomba.

"Wewe ndiye uliyempaka?" akauliza Bi Jael.

"Mimi. Maua ni yangu. Yaliyo ndani ya maua si yangu."

Kelele zikalipuka. Mmoja akamwita mwongo, mwingine akasema mtalaka huyo ana wivu na harusi za watu, mwingine akamtemea mate na yakampata kwenye buibui. Bi Shekue alikuwa akipiga kelele kuliko wote, akiapa kwa kaburi la babake, yule mzee wa msikitini, kwamba Mahfudha alikuwa mwizi tangu shule na kila mtu anajua alipigwa kwa ajili ya nini. Naam, alilisema. Miaka yote ile alinyamaza, na siku aliyofungua kinywa alisema hilo.

Nilimhisi Mahfudha akilegea mikononi mwangu. Mlango haukumlegeza, neno lile lilimlegeza.

Ndipo Mahira alipoinuka pembeni alipokuwa ameketishwa. Alikunja mikono ya kanzu yake, mmoja, kisha wa pili, akainyoosha mbele ya Bi Jael, nyama nyekundu na herufi nyeusi ndani yake. Wengine walifunika macho.

"Ni mimi," akasema. "Niliandika mimi mwenyewe. Bi Mahfudha hakujua. Aliacha nafasi tupu, nikaandika mimi."

Mamake alimpiga kwa kiatu cha mti, cha kisigino, kichwani. Damu ikamshukia jichoni. Mahira hakuiteremsha mikono.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Karisa alifunguliwa pingu. Majibu ya Mahira yakafutwa yote, si ya kemia peke yake. Mamake Faraj akavunja uchumba bila kumuuliza mwanawe, na Faraj akarudi Dubai na masanduku yake. Sufyan akatorokea Tanga kabla polisi hawajamjia. Na mtaa ukakaa barazani ukahukumu, na hukumu yake nitaisema kwa sababu inanichoma hadi leo. Hakuna aliyesema Mahira hakupaswa kuiba. Hakuna aliyesema Sufyan hakupaswa kuvunja watu. Walisema Mahfudha angeweza kufukia tu, herufi chache, nani angepungukiwa.

Mwalimu Karisa alikuja kumshukuru, taya bado limefungwa waya, ameshika kuku mkononi. Mahfudha alimwacha amesimama uchochoroni. Akamwambia kutoka dirishani, nami nikisikia kutoka langu, "Mwalimu, kumkamata ilikuwa kazi yako. Kofi halikuwa kazi yako. Ungaliandika jina lake tu, wewe ungekuwa na taya na mimi ningekuwa na mkono. Kuku wako mpelekee mkeo." Karisa akainamisha kichwa, akaondoka na kuku wake. Nilisikia hakurudi tena kusimamia mitihani.

Mkono haukupona. Vidole viwili viliingia weusi, vikakatwa. Vilivyobaki vilikakamaa. Hata pasingekuwa na kususiwa, asingeweza kushika chelewa, na kususiwa kulikuwepo. Biharusi wa Kibokoni walianza kupakwa na mwanamke mmoja mwenye maua makubwa kama viazi. Mahfudha alikaa dirishani mwezi baada ya mwezi. Mimi nilipeleka chakula, naye alikuwa akinirudishia sahani kwa maneno makali, ndivyo nilivyojua yu hai.

Akaanza kujaribu mkono wa kulia. Alichora kwenye kibao, kwenye ukuta wa jikoni, kwenye paja lake mwenyewe. Mistari ilikwenda upande kama mlevi. Siku moja alikivunja kibao kwa goti, akavitupa vipande uchochoroni, kimoja kikanikosa kidogo.

Alasiri moja nikamwona Mahira amesimama mlangoni kwa Mahfudha. Alikuwa amekonda. Alikuwa amefanya mtihani tena, peke yake, kama mtu wa nje, na kemia alipata D, lakini D yake mwenyewe. Mamake alikuwa hasemi naye. Akabisha hodi mara nyingi kabla hajajibiwa.

"Wataka nini?"

"Nimekuja unipake, Bi Mahfudha."

"Waolewa?"

"La."

"Basi nenda kwa mwenye viazi. Mimi sina mkono."

Mahira akaingia bila kukaribishwa, akaketi kwenye mkeka chini ya dirisha ambapo niliwaona vizuri. Akakunja mikono ya nguo. Ngozi ilikuwa imerudi, lakini kwa mabaka, huku nyeupe, huku nyeusi. Akauweka mkono mmoja juu ya mto.

"Jifunzie hapa," akasema. "Ukikosea, kosea hapa."

"Utakuwa kichekesho cha mji."

"Kwani sasa mimi ni nini?"

Mahfudha akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kama cha mtu anayekohoa. Kisha akaenda kuchanganya piko, akachonga chelewa kwa meno, akaishika kwa mkono wa kulia. Ua la kwanza lilitoka kama kaa aliyekanyagwa. La pili nalo hivyo hivyo. Mahira hakuvuta mkono.

"Mamangu alinipaka pilipili ili nitumie mkono huu," akasema Mahfudha, macho kwenye kazi. "Mwalimu wa chuo akanifunga, akanipiga, hakuweza. Nduguyo kaweza."

Mahira akaanza kulia, na machozi yakadondokea ua la tatu, yakatandaza weusi juu ya makovu yake.

"Tulia," Mahfudha akamwambia. "Wanilowesha piko." Akalifuta ua lile kwa kidole gumba, akaanza upya.